Skrini ya Mzee Mepukori

Ukitaka kumuudhi Sabina Ngoyai, mkalishe karibu na simu inayolia kila mara. Kwanza ataigeuza kifudifudi. Ikiendelea, ataitia ndani ya kopo la misumari na kuendelea na kazi zake. Watu wa Karatu watakuambia kwamba ni mwanamke mpole, na ni kweli, lakini chombo kinachojipendekeza hakivumilii hata kidogo. "Kitu kilichotengenezwa vizuri unakisahau," husema. "Nani anaikumbuka bawaba ya mlango mpaka siku itakapoanza kulia?"

Hayo ni maneno ya ajabu kwa mtu anayekula jasho la vyombo vinavyolia. Sabina ni fundi umeme wa magari. Karakana yake iko nyuma ya duka la matairi, kwenye barabara iendayo geti la Loduare, na magari ya utalii yanayopanda Ngorongoro hupita mbele yake asubuhi yakimeta na kurudi jioni yakiwa rangi moja na barabara. Yeye ndiye anayeyafungia redio za upepo za madereva kuitana njiani, taa za ukungu, friji ndogo za maji ya wageni na soketi za kuchajia kamera. Mgeni akikosa pa kuchaji kamera yake, hata simba apige magoti mbele yake, safari imeharibika.

Alizaliwa Endamarariek, kwa wakulima wa ngano na mbaazi, akasomea elektroniki chuo cha ufundi Arusha, akarudi na cheti chake na bisibisi zake, akakaa. Alikaa kweli. Madereva wa Karatu ni wakarimu sana wa maneno: walimsifu kwamba msichana wa Kiiraqw kusomea umeme wa magari ni jambo la kujivunia, wakampa hongera mkono kwa mkono, kisha wakapeleka magari kwa mafundi wanaume waliojifunzia kazi kwa kupigwa shoti.

Wa kwanza kumpa gari alikuwa Mzee Mepukori. Alikuwa Mmasai wa Olbalbal, dereva mkongwe wa kampuni moja ya utalii, na redio yake ya upepo ilikuwa inakoroma. Alisimamisha gari, akashuka, akamsalimia Sabina kama vile watu wanavyopaswa kusalimiana, yaani habari za nyumbani, za mama, za mvua, za mbaazi, za ng'ombe kama wapo. Habari zilipokwisha alimpa ufunguo wa gari, akaenda kunywa chai ng'ambo ya barabara. Hakusimama begani kwake kumchungulia. Hakurudi kuuliza umefikia wapi. Alirudi chai ilipokwisha, akawasha redio, akaisikia inasema sawasawa, akaitikia kwa kichwa, na tangu siku hiyo madereva wengine nao wakaanza kuikumbuka njia ya nyuma ya duka la matairi.

Kwa hiyo habari zilipomfikia kwamba Mzee Mepukori ataondolewa kwenye usukani, Sabina aliweka bisibisi chini.

Nelson, mwenye kampuni hiyo aliyoachiwa na baba yake, si mtu mbaya. Ni kijana mchangamfu, mwenye haraka, anayependa vitu vipya kama mtoto apendavyo matope. Alikuwa ameanzisha safari za mbali, huko Kakesio na kwingineko ambako barabara huamua yenyewe kila masika itapita wapi, na dereva wake mmoja mpya alikuwa amepotea na wageni mpaka wakamaliza biskuti za siku mbili. Nelson akasema basi. Akanunua skrini za ramani, akazifunga kwenye magari yote.

Skrini zenyewe zilikuwa na ukubwa wa sinia la pilau. Zilikuwa na rangi za kila namna, mishale inayorukaruka, hali ya hewa ya Arusha ambayo hakuna aliyeiuliza, na kila dereva mmoja alipomwona simba mahali fulani akabonyeza, kichwa cha simba kilichomoza kwenye skrini za wenzake wote kikinguruma. Madereva vijana walizipenda kupita kiasi. Mmoja alikuwa akikitazama kichwa cha simba alipoingia mtaroni, si mbali na geti. Hakuna aliyeumia. Mayai tu ya kwenye vifurushi vya chakula vya wageni ndiyo yaliyopasuka, na yalikuwa mayai ya kuchemsha, sasa kadiria mwenyewe kishindo.

Pamoja na hayo, Nelson hakurudi nyuma, kwa sababu ofisi sasa iliweza kuwatumia madereva taarifa za njia iliyoharibika au geti lililofungwa, na hilo lilikuwa jambo jema. Alitangaza kwamba msimu wa wageni ukianza, dereva asiyetumia skrini hapandi mlima. Atapewa kazi nyingine. Na kwa Mzee Mepukori, kazi nyingine ilikuwa imekwisha kupatikana: atasimama mlangoni pa ofisi, amevaa shuka na shanga, awakaribishe wageni.

"Nisimame mlangoni," Mzee Mepukori alimwambia Sabina, akiwa ameketi kwenye tairi kuukuu karakanani, "nimepakwa mafuta kama dume la sherehe. Watu wanipige picha, halafu waingie ndani kunywa juisi."

"Lakini baba, skrini ina ugumu gani?"

"Haina ugumu. Ina maneno."

Sabina hakuelewa. Akamwomba waende safari fupi, naye aone kwa macho yake. Wakaipanda barabara ya kuelekea getini, Mzee Mepukori kwenye usukani, Sabina pembeni yake, skrini katikati yao inang'aa. Hawajafika mbali, sauti ya mwanamke wa mjini ikasema, "Baada ya mita mia tano, endelea mbele."

Mzee Mepukori alipunguza mwendo. Akaigeuzia skrini uso wake wote, akasubiri imalize. "Ee," akaitikia.

"Mbele kuna mzunguko wa barabara," ikasema sauti, nayo ilikuwa inasema uongo.

"Ee," akaitikia tena, bado ameitazama, maana huenda mwenzake alikuwa na zaidi ya kusema. Upande wa pili wa barabara lilikuwa linakuja lori la kabichi. Sabina alikishika kishikio cha juu ya mlango kwa mikono miwili, akakumbuka sala zote alizofundishwa kwa ajili ya kipaimara. Lori likapita na honi ndefu, na dereva wake akasema kitu kuhusu wazee.

Hapo ndipo alipoelewa. Yule mzee hakuwa na macho mabovu, wala hakuwa mshamba wa mitambo. Alikuwa amelelewa. Kwao, mtu akisema nawe unamgeukia, unamwitikia kila anapopumua ili ajue maneno yake yanafika, na humkatizi. Kumsikiliza mtu huku unatazama pembeni ni dharau, na Mzee Mepukori hakuwa na dharau kwa kiumbe yeyote. Vijana waliikodolea skrini kwa uroho, maana macho hayana pazia. Yeye aliikodolea kwa adabu.

"Baba," Sabina alisema gari liliposimama na pumzi zikamrudia, "hiyo ni mashine."

"Najua ni mashine, mwanangu. Sina wazimu. Ila shingo yangu haijui."

Sabina alimwendea Nelson ofisini siku hiyohiyo. Alimwambia kwamba sinia lile litamuua mtu kabla halijamwonyesha mtu njia, kwamba mshika mbili moja humponyoka, na kwamba dereva hana macho ya ziada ya kutazama hali ya hewa ya Arusha. Kisha akamwomba skrini moja aichukue, aifumue na kuifuma upya. Nelson, ambaye bado alikuwa anasikia harufu ya mayai ndani ya gari lake, alikubali upesi.

"Lakini jaribio atalifanya Mzee Mepukori," akasema. "Mimi nitakaa pembeni yake, siku ya kufungua msimu. Akiiweza, nafunga yako kwenye magari yote na yeye anabaki kwenye usukani. Asipoiweza, dada Sabina, mimi nitakuwa sina la kufanya. Siwezi kuwa na sheria ya wote na ya Mepukori peke yake."

Ilikuwa haki, na ndiyo maana ilimuuma.

Alianza kwa kuondoa. Hii ndiyo sehemu ya kazi aliyoipenda kuliko zote. Programu ya ramani aliyoichagua ilikuwa ya wazi, ambayo fundi anaweza kuifungua na kuibadilisha, na kile asichokijua alijifunza jikoni kwenye kishikwambi cha mume wake Martini, ambaye ni mwalimu na alikiazima kwa masharti kisipate mafuta. Simba wakaondoka. Hali ya hewa ikaenda zake. Mishale ikaacha kuruka. Ramani nzima akaifunga isionekane gari likiwa linatembea, ifunguke tu likisimama. Chini ya kioo cha mbele akabakiza ukanda mwembamba wa taa, mfupi kuliko rula, unaowaka upande wa kulia au wa kushoto ukikaribia njia panda, kisha unazima.

Lakini sauti ilihitajika, maana taarifa za ofisi haziwezi kuelezwa na taa. Sabina akajiambia kwamba kinachomsumbua mzee ni sauti ya mgeni, yule mwanamke wa mjini asiyejua salamu. Basi dawa ni sauti ya mtu wa nyumbani. Akamkalisha mama yake, Antonia, jikoni kule Endamarariek, akamrekodi.

Mama Antonia alifurahi mno. Tatizo ni kwamba hawezi kusema neno moja likabaki moja. Aliombwa aseme "kushoto," akasema, "Kushoto, mwanangu, taratibu, hapo pana utelezi." Aliombwa aseme "simama," akasema, "Simama kidogo upumzike, mbona mna haraka hivyo?" Sabina alicheka, akaona ni maneno matamu, akayaacha yote kama yalivyo.

Siku ya kuyajaribu, mara tu Mama Antonia alipofungua kinywa ndani ya gari, Mzee Mepukori alivua kofia. Kisha akawasha taa ya pembeni, akatoka barabarani, akazima injini.

"Mama Sabina," akaiambia dashibodi, "habari za mashamba?"

"Baba, ni rekodi!"

"Najua. Lakini nimemfahamu mama yako miaka mingi. Siwezi kumwacha akisema peke yake na mimi nakanyaga mafuta. Nitakutana naye sokoni, nitamwambia nini?"

Mama Antonia alipopewa habari kwamba sauti yake imesimamisha gari, alitaka kujua ni nani mwingine walikuwa wanamfikiria. Mpaka leo jambo hilo halijaisha vizuri.

Sabina hakukata tamaa bado. Aliwaza hivi: kama maneno yanaleta adabu, basi yaondoke maneno. Mchungaji hamtazami ng'ombe mmoja mmoja. Yeye husikia kengele ya shingoni, akajua kundi liko upande gani, huku macho yake yako mbali yakitafuta majani au fisi. Akapata kengele ya ng'ombe, akairekodi, akaipeleka kwenye spika mbili za dashibodi. Njia ikiwa ya kushoto, kengele italia kushoto. Ya kulia, kulia. Alipoijaribu karakanani aliona kichwa chake kinafanya kazi kweli, na jioni alimpikia Martini kande zenye nazi, kitu anachokifanya siku za furaha tu.

Wakaenda na kengele yao mpaka ng'ambo ya mlima, kwenye mteremko wa kwenda Olbalbal, mahali ambapo Mzee Mepukori angeweza kuendesha amefumba macho. Njia panda ya kwanza ikakaribia, kengele ikalia kushoto.

Gari likasimama papo hapo. Sabina aligonga magoti kwenye dashibodi.

"Ng'ombe," alisema Mzee Mepukori, na alikuwa amekwisha kufungua mlango.

"Baba, ndiyo skrini."

Lakini alikuwa ameshashuka, anazunguka kichaka kilichokuwa kando ya njia, anainama, anatazama chini yake. Ng'ombe aliyejitenga na kundi mahali pale ni ng'ombe wa fisi, na hakuna Mmasai atakayempita. Alirudi amejipanguza vumbi, amefadhaika kidogo.

"Umesema ni skrini."

"Ndiyo."

"Basi tuendelee. Sasa nimejua."

Waliendelea, na kengele ilipolia mara ya pili akafunga breki vilevile. Akautazama mguu wake kama mtu anayemtazama ndugu aliyemwaibisha mbele ya wageni. "Mguu nao haujui," akasema.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Walipofika chini, kengele ililia kulia, na Mzee Mepukori, ambaye sasa alikuwa amejionya vya kutosha, akasema, "Sitakusikiliza," akakaza mwendo. Ilikuwa kengele ya kweli. Dume jekundu lilitoka nyuma ya kichuguu likiongoza kundi zima, na gari liliposimama kichwa chake kilikuwa kimeingia dirishani kwa Sabina, likimpumulia shingoni.

Hakuna kilichogongwa. Lakini mzee alikaa muda mrefu mikono ikiwa juu ya usukani. Tangu aanze kuendesha hakuwahi hata kumkwaruza ng'ombe wa mtu. Sabina akanyoosha mkono, akachomoa waya wa kengele, akaona machozi yanamjia, akayaacha yaje. Alikuwa amemharibia mtu kitu kimoja ambacho kilikuwa kizima, yaani masikio yake. Na msimu ulikuwa umebaki siku chache tu ufunguliwe.

"Twende nyumbani tukanywe chai," alisema Mzee Mepukori. "Nyumbani ni hapo tu."

Nyumbani, mke wake Naisenya aliwapa chai ya maziwa, akamtazama Sabina macho, akamwongezea nyingine bila kuuliza. Kisha akawa anawafunga punda madumu. Mvua za mwaka huo zilikuwa zimewahi kuondoka na maji yalikuwa mbali. Sabina akasema atafuatana naye, maana kukaa kungemfanya alie tena, na mwenda bure si mkaa bure. Mzee Mepukori aliona haya kumwachia mgeni atembee bila yeye, akachukua fimbo yake akatangulia.

Njia ya kwenda majini ni ya ng'ombe, nyembamba, imechimbwa na kwato mpaka imekuwa mfereji, na watu huifuata mmoja nyuma ya mwingine. Mzee mbele, Naisenya nyuma yake, Sabina nyuma ya Naisenya, punda mwisho. Na Naisenya, alipokwisha kuingia njiani, alianza kusema.

Alisema njia nzima. Alisema kwa Kimaa, kwa hiyo Sabina hakushika ila neno moja moja: mbuzi, jirani, binti yao aliyeolewa Kakesio. Ilikuwa ni habari, na lalamiko, na tena habari. Kila alipopumua, mbele yake Mzee Mepukori alijibu, "Ee." Sabina alikuwa anatembea kichwa chini, anahesabu makosa yake, na ile "ee" ilimwingia masikioni muda mrefu kabla hajaisikia. Kisha akainua kichwa.

Shingo ya mzee ilikuwa imenyooka. Macho yake yalikuwa mbele, kwenye vumbi, kwenye mawe, kwenye kitu fulani cheusi mbali ambacho huenda kilikuwa nyumbu. Naisenya alisema kitu kifupi, mzee akahama upande mmoja wa njia, akaliruka shimo lililofunikwa na majani, "ee," akaendelea. Hakugeuka.

"Baba," Sabina aliita, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mbona mama anasema nawe na humgeukii?"

Hata hapo hakugeuka. "Njiani? Nikimgeukia si nitaanguka?"

"Lakini ni mtu anasema."

"Aliye nyuma yako njiani hageukiwi. Yeye anaona ya nyuma, wewe unaona ya mbele. Ukimgeukia, wote wawili mnatazama kule mlikotoka. Na simba yuko mbele."

Naisenya alitaka kujua wanasema nini, akaelezwa, akacheka. Akamwambia Sabina kwa Kiswahili chake cha polepole, "Huyu akinigeukia njiani, mimi namwuliza, umesahau nini nyumbani."

Sabina alisimama katikati ya njia, na punda akamgonga mgongoni kwa dumu. Siku zote alikuwa amehangaika na nini kiseme, na kwa sauti ya nani, na kengele ya aina gani. Hakuwahi kujiuliza kitasema kutoka wapi. Kila alichokifunga alikifunga usoni pa yule mzee, kisha akamshangaa kukitazama.

Waliporudi Karatu hakulala mapema wala hakupika. Alizing'oa spika kwenye dashibodi, akafunga moja tu, ndogo, nyuma ya kiti cha dereva, usawa wa bega. Ule ukanda wa taa akaupunguza mwanga. Kuhusu sauti, alifikiri kidogo, akafunga mlango wa karakana na kurekodi ya kwake mwenyewe. Maneno akayapunguza, maana atembeaye nyuma hasemi "baada ya mita mia tano." Anasema, "Njia panda, ya kulia." Anasema, "Shimo." Kisha ananyamaza.

Siku ya kufungua msimu ukungu ulikuwa umeshuka kwenye kingo za kreta mpaka miti ya kando ya barabara imebaki vivuli. Nelson alikaa mbele, pembeni ya dereva, amevaa jaketi jipya, daftari hana, ila macho yake yalikuwa makali. Sabina alikaa kiti cha nyuma. Mikono yake ilikuwa baridi, akaikalia. Mzee Mepukori alisalimia kila mtu, akauliza habari za nyumbani kwa kila mmoja, na ndipo akawasha gari.

Walipita geti, wakaanza kupanda msituni. Barabara pale inapindapinda kwenye ukingo, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande mwingine hewa. Kisha kutoka nyuma ya kiti sauti ya Sabina, ile ya kwenye spika, ikasema, "Kona kali, ya kulia."

"Ee," akajibu Mzee Mepukori. Mikono ikafuata kona. Macho yalikuwa mbele.

Nelson alikuwa ameinama, anaukodolea ule ukanda wa taa chini ya kioo, anataka kuona unafanya nini. Uliwaka kidogo, ukazima. Alisubiri uwake tena.

"Lori limeharibika mbele," ikasema sauti. Ilikuwa taarifa ya dereva mwingine aliyetangulia, imepitia ofisini, imefika. "Upande wako."

"Ee."

Mguu wa mzee ulikuwa umetoka kwenye mafuta kabla neno halijaisha. Ukungu mbele ukaonyesha kwanza matawi yaliyotupwa barabarani, kama madereva wanavyofanya kuonyana, kisha nyuma ya matawi kisogo cha lori, kikubwa, cheusi, kimeziba njia yao yote. Nelson, aliyekuwa anatazama taa, aliinua macho akakikuta usoni pake, akakanyaga sakafu kwa miguu miwili mahali ambapo hakuna breki. Mzee Mepukori alikuwa ameshasimama. Akangoja, akasikiliza kama kuna linalokuja upande wa pili, akapita taratibu, akampungia mkono utingo aliyekuwa ameketi juu ya jiwe akila muhogo.

Wakaendelea. "Njia panda, ya kushoto." "Ee." Nelson hakuitazama tena ile taa.

Kwenye kituo cha kuangalia kreta walisimama, ingawa hakukuwa na kreta ya kuangalia, ni ukungu tu umejaa mpaka mlangoni. Mzee Mepukori akazima injini. Nelson akamgeukia.

"Haya, mzee. Useme kweli. Hii skrini unaionaje?"

Sabina alimjua Mzee Mepukori. Alijua kwamba hajawahi kusema uongo ili kumfurahisha mtu, wala hangeanza leo. Aliona mlango wa ofisi, na shanga, na watu wenye kamera.

Mzee Mepukori alifikiri. Akaitazama dashibodi kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayetafuta miwani.

"Skrini?" akasema. "Sijaiona."

Moyo wa Sabina ulianguka mpaka kwenye matairi. Nelson akamsogelea.

"Hujaiona kabisa?"

"Nilikuwa natazama barabara," alisema Mzee Mepukori kwa kuomba radhi. "Kuna ukungu. Lakini huyu aliyekuwa nyuma yangu alinisindikiza vizuri. Hana maneno mengi."

Nelson alimtazama yeye, akaitazama ile taa iliyozima, akaukumbuka mguu wake mwenyewe uliotafuta breki kwenye sakafu. Alianza kucheka polepole, kisha kwa nguvu, mpaka akajifuta macho kwa mkono wa jaketi jipya. "Dada Sabina," akasema, "njoo kesho uyaanze magari yote. Masinia yangu nitayapeleka nyumbani, watoto wacheze." Akafungua mlango, akashuka akatembee kidogo kwenye baridi.

Wakabaki wawili garini. Sabina alitaka kusema mengi, kuhusu ufunguo aliopewa zamani na chai iliyonywewa ng'ambo ya barabara bila mtu kuchungulia. Lakini Nelson alirudi upesi akitetemeka kwa baridi, akapanda na kufunga mlango.

"Baba," alisema kutoka kiti cha nyuma, safari hii kwa mdomo wake mwenyewe. "Turudi nyumbani."

"Ee," akaitikia Mzee Mepukori, akawasha gari, na hakugeuka.